Mashine Imesema

Kiliwaka Jumanne, pale Beit-el-Ras,
wiki ya pili tangu niinunue, nimechelewa kipindi cha kwanza:
kitaa cha njano, umbo la injini,
kidogo kama kitumbua cha mwisho kaangoni.
Gari haikukohoa. Haikutetemeka.
Kiliwaka tu, kikanitazama
kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole
na ukimwita anasema, "Hamna kitu, mwalimu."

Nkaipeleka kwa walioniuzia, Mwanakwerekwe,
jumba la vioo, lenye baridi ya kuhifadhia samaki,
ambamo watu huvua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Fuad akanipa maji ya chupa, akaniita mama,
akachomeka waya chini ya usukani,
akatikisa kichwa kama daktari
aliyekwisha kujua bei.
"Mashine imesema: sensa ya oksijeni."
Nkauliza, imesemaje?
"Imesema, mama."

Laki mbili na themanini.
Zilikuwa hela za mabati;
nyumba yangu ya Fuoni ikaendelea kuezekwa mawingu.

Siku sita. Jumatatu, mbele ya lango la skuli,
kikawaka tena, hakina haya.

Mara ya pili mashine ilisema plagi.
Mara ya tatu ilisema, huenda,
kompyuta ya gari yenyewe, iagizwe Dubai,
miezi miwili, milioni na kidogo,
na hicho kidogo hakikuandikwa.
Nkauliza: kwani ile sensa ilikuwa mbovu kweli?
Fuad akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya.
"Na yenyewe, mama, ilikuwa imechoka."

Imechoka! Nani hajachoka?

Miaka ishirini na miwili nasomesha hesabu.
Nimeona majibu ya kila rangi:
la kukisia, la kuibia kwa jirani,
la mtoto aliyeandika saba kwa sababu anaipenda saba.
Sijapata kumlipa hata mmoja.

Aliyegundua ni Mcha, wa pampu ya Chuini,
niliyemsomesha akafeli, nisifiche,
akafeli vibaya.
Alizungusha kifuniko cha tangi, akakizungusha tena,
akainamisha sikio.
"Mwalimu, hiki hakilii."
Hakilii nini?
"Kikikaza hulia: ta, ta, ta. Hiki bubu.
Hiki si chake. Cha gari nyingine hiki."
Akanionesha mpira wake, umekaa upande,
saizi inakaribia, ila kukaribiana si kufanana.
"Mvuke unatokea hapa. Gari inalalamikia pumzi yake."

Nkakumbuka siku ya kuinunua:
kijana wao akijaza lita tano za ukarimu,
magari mawili yamepangana, milango wazi,
vifuniko viwili juu ya ndoo moja.

Elfu kumi na tano, duka la vipuri
nyuma ya jumba lile lile la vioo.
Nilikikaza mwenyewe. Ta, ta, ta.
Kitaa kikabaki siku mbili zaidi,
ukaidi tu; ya tatu, Mtoni,
kikazimika bila kuaga.

Nilirudi na risiti tatu na kalamu nyekundu.
Fuad alinipa maji. Sikunywa.
Juu ya kila risiti, mbele ya wateja na masofa yao,
nkaandika kama ninavyowaandikia Kidato cha Pili:
Onesha njia.
Meneja akatoka, akasoma, akacheka,
akaona sicheki.
Pesa, akasema, zitazungumzwa.
Zinazungumzwa mpaka leo.

Siku hizi nikiwasha gari taa zote huwaka pamoja,
kisha huzima mojamoja,
nami huisubiri ile ya njano, mkono juu ya ufunguo,
siondoki mpaka ishuke.

Mcha nilimuuliza: ta ngapi ndiyo basi?
Alinionesha kwa vidole, polepole,
asije akakosea mbele yangu.
Tatu.